Chaki Isiyokauka

Mazungumzo haya yalitolewa na mwalimu mstaafu wa kuchora, mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima, katika maktaba ya kijiji. Tumeyaandika kama alivyoyasema.



Mwalimu wenu aliponiita aliniambia, "Mzee, njoo useme na wanakisomo juu ya kuchora picha." Nikamwuliza, kuchora kwa kitu gani? Akasema, "Kitu ambacho mtu anaweza kukitia mfukoni." Basi nimekitia mfukoni. Hiki hapa.

Hii ni chaki. Lakini siyo ile ya ubaoni. Chaki ya ubaoni ukiigusa inaacha vumbi mkononi. Hii haina vumbi, ina mafuta. Wenye maduka ya vifaa vya picha huko mjini wanaiita pasteli ya mafuta. Mimi leo nitaiita chaki ya mafuta, ili tuelewane upesi. Mkienda dukani semeni pasteli.

Mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni, "Mwalimu, hizi si ndizo wanazochezea watoto wa chekechea?" Ni kweli, mzee wangu, zinafanana. Nitakujibu, maana swali lako lina historia ndefu. Lakini kwanza nataka wote mwone picha hii. Ipitisheni mkono kwa mkono. Ishikeni kwenye ubao, msiguse uso wake.

Hii ni nyumba ya mama yangu mzazi. Nyumba ya udongo, paa la nyasi. Hapa kando ni mwembe. Hapa chini ni kinu chake. Niliichora siku nne kabla haijabomolewa, wakati tulipokuwa tunamjengea mama nyumba ya bati. Hatukuwa na kamera. Picha nyingine ya nyumba ile hakuna.

Sasa tazameni juu, penye mbingu. Mnaona nini?

Eh, maandishi! Ninyi ni wasomaji, haya someni. Hayasomeki? Hayasomeki kwa sababu yamegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Mwenye kioo akikiweka hapa kando atasoma vizuri: BEI YA PAMBA.

Mimi sikuandika bei ya pamba kwenye mbingu ya mama yangu. Ilikuwa hivi. Nilipomaliza kuchora niliichukua picha mjini nilikokuwa nafundisha, ili niwaonyeshe walimu wenzangu. Wakaisifu. Likizo ilipofika nikaifunika gazeti, nikaikunja kama mkeka, nikafunga kamba, nikapanda basi. Nikaiweka dirishani ili isikanyagwe na watu. Jua la saa sita likaipiga mpaka tumefika. Mama akakaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake mpya, akafungua mwenyewe. Gazeti likang'oka pamoja na majani ya mwembe. Herufi za gazeti nazo zikabaki mbinguni.

Mama akacheka kwanza. Halafu akanyamaza. Akasema, "Mwanangu, nyumba yangu nimeipoteza mara mbili."

Wakati huo nilikuwa nimezitumia chaki hizi darasani kwa miaka sita. Nilidhani nazijua. Kumbe nilijua kuzichorea tu, sikujua zimetengenezwa na nini. Hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Chaki hii ina vitu vitatu. Cha kwanza ni unga wa rangi. Cha pili ni nta. Cha tatu ni mafuta ya madini, yaani mafuta yatokanayo na petroli iliyo chini ya ardhi, siyo ya mbegu. Nta ndiyo inayoifanya isimame kama kijiti. Mafuta ndiyo yanayoifanya iteleze.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kuna mafuta yanayokauka na mafuta yasiyokauka. Mafuta ya mbegu za kitani ni ya kukauka. Rangi za mafuta za wachoraji wa zamani wa Ulaya zilichanganywa na mafuta hayo. Ukiyapaka juu ya ubao yanashikana na hewa, polepole yanakuwa magumu kama ngozi. Hayarudi tena kuwa maji. Lakini mafuta ya madini hayafanyi hivyo. Nani hapa ana kikopo cha mafuta ya mgando ya kujipakia? Leo usiku pakeni kidogo juu ya kipande cha bati. Asubuhi yatazameni. Yapo vilevile. Mwakani yatazameni. Yatakuwa na vumbi, lakini kukauka hayakukauka.

Basi na chaki hii ni hivyo hivyo. Inaganda kidogo kwa sababu ya nta, ila haikauki. Haikauki leo, haikauki baada ya miaka kumi. Picha ya mama yangu ina miaka mingi sasa, na nikiisugua kwa kidole bado itanipaka rangi.

Wengi wenu mmeona picha za Tingatinga, zile za chui na ndege zinazong'aa. Edward Saidi Tingatinga alianza kuzichora pale Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, na alifariki mwaka 1972. Yeye alitumia rangi ya kung'aa, ya kopo, juu ya hadibodi. Rangi ile inakauka. Mgeni anaifunga ndani ya nguo zake, anapanda nayo ndege, inafika salama. Mtu akiona chaki hii inang'aa naye anadhani ni jambo moja. Siyo. Ile ni rangi iliyokauka. Hii ni rangi inayosubiri kuguswa.

Sasa nimjibu mzee wangu wa mlangoni.

Chaki hizi zilizaliwa Japani, na chanzo chake kimepitia kijijini. Palikuwa na mtu mmoja jina lake Kanae Yamamoto. Alizaliwa mwaka 1882. Alikuwa mchoraji, na tena alikuwa akichonga mbao za kuchapia picha. Alikaa Ufaransa miaka kadhaa, na mwaka 1916 alirudi kwao kwa kupitia Urusi. Huko Moscow aliona mambo mawili yakamwingia moyoni. Aliona picha zilizochorwa na watoto kwa mawazo yao wenyewe. Na aliona kazi za mikono za wakulima, vitu vya mbao vilivyochongwa na kupakwa rangi.

Wakati huo katika shule za Japani mtoto hakuchora alichokiona. Alipewa kitabu chenye picha, akaambiwa, igiza hii. Aliyeigiza vizuri alisifiwa. Yamamoto akasema hapana, mtoto atumie macho yake. Mwaka 1919, katika shule ya msingi ya kijiji cha Kangawa, mkoa wa Nagano, yakafanyika maonyesho ya picha zilizochorwa na watoto kwa uhuru wao. Na mwaka huohuo, pale pale Kangawa, akaanzisha mafunzo ya sanaa kwa wakulima. Nchi ile ina baridi kali, theluji ikianguka shamba halilimiki. Basi katika miezi hiyo wakulima walikaa ndani, wakajifunza kuchonga na kupaka rangi.

Mnaona? Watu wazima, wakulima, shuleni, baada ya kazi ya shamba. Nilipolisoma jambo hilo nikajisemea, hawa ni wanakisomo wenzetu.

Lakini ikatokea shida ya vifaa. Krayoni za siku zile zilikuwa ngumu. Zilifaa kupiga mistari, hazikufaa kujaza rangi. Pasteli kavu zilijaza vizuri, ila zilitoa vumbi, na bei yake haikuwa ya watu wa kawaida. Kulikuwa na kampuni changa ya krayoni iliyoanzishwa mwaka 1921, ambayo leo inajulikana kwa jina la Sakura. Mwaka 1925 wakaunganisha mambo mawili, krayoni na pasteli, wakapata chaki mpya. Wakaiita Cray-Pas, nusu ya jina hili na nusu ya jina lile.

Tena hazikufaulu mara moja. Chaki za kwanza ziliathirika na hali ya hewa. Joto likizidi zililegea, baridi ikizidi ziliganda zisiandike. Ikabidi watengeneze za aina mbili, za majira ya baridi na za majira ya joto, mpaka walipopata mchanganyiko ulio bora zaidi. Mimi niliposoma habari hiyo nilikumbuka dirisha la basi. Wenyewe waliozivumbua walihangaika na joto, sembuse mimi.

Kwa hiyo, mzee, ni kweli zilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa shule. Lakini hazikubaki kwa watoto. Ufaransa kulikuwa na Pablo Picasso, Mhispania aliyeishi huko, mchoraji aliyejulikana dunia nzima. Mwaka 1947 rafiki yake, mchoraji Henri Goetz, alikwenda kwa Henri Sennelier, mtengenezaji wa rangi wa Paris. Akamweleza kwamba Picasso anataka chaki ya rangi inayoshika juu ya kitu chochote, karatasi, mbao, kitambaa, bila kuandaa sana. Sennelier akafanya kazi, na mwaka 1949 zikatoka chaki za mafuta za kwanza kwa ajili ya mafundi wa picha. Zilikuwa laini zaidi na zenye unga mwingi wa rangi.

Picasso wakati ule alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Hakuona haya kuomba kifaa cha watoto.

Na leo wachoraji wengi wanazitumia. Wengine wanachora nazo peke yake. Wengine wanatanguliza rangi za maji au akriliki, zikikauka ndipo wanapita juu kwa chaki. Hiyo inaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kinyume chake. Usipake akriliki juu ya chaki ya mafuta. Haitashika, itabanduka kama magamba ya samaki. Wala usipake juu yake rangi ya kopo. Kilicho chini hakijakauka na hakitakauka, je, cha juu kitasimama wapi?

Niwaonye jambo jingine, maana dukani mtachanganywa. Kuna vijiti vinene vya rangi ambavyo kwa macho vinafanana na chaki hizi. Vile vina mafuta ya kitani, kwa hiyo vinakauka baada ya siku kadhaa. Alivitumia sana Jean-Michel Basquiat, kijana mweusi wa New York aliyezaliwa mwaka 1960 na kufariki mwaka 1988. Picha zake zimejaa maneno. Anachora kichwa cha mtu, kando yake anaandika neno, halafu analipiga mstari. Wako watu waliosema huo siyo uchoraji. Leo picha zake zinauzwa kwa mamilioni ya dola. Nawaambia hili kwa sababu ninyi mmejifunza herufi, na hakuna sheria inayosema herufi zikae daftarini tu. Lakini mjue mmeshika kijiti gani, kile kinachokauka au hiki kisichokauka. Ulizeni kabla ya kulipa.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Sogeeni karibu.

Karatasi ya daftari haifai, ni laini mno na ni nyembamba. Chaki inateleza. Tafuteni karatasi yenye ukwaru kidogo. Manila inafaa. Upande wa ndani wa boksi la katoni unafaa kwa kujifunzia. Hadibodi nayo inafaa, upande ule wenye ukwaru, au upande laini ukiusugua kwa msasa na kuupaka rangi nyeupe ya maji ya ukutani, ukaiacha ikauke.

Halafu vunjeni chaki. Naona mama mmoja anashtuka! Mama, ivunje tu, uibandue karatasi yake. Ikiwa nzima utaishika kama kalamu, utapiga vimistari. Ikiwa kipande utailaza, utaipitisha kwa ubavu, itajaza mbingu nzima kwa mara tatu. Kalamu tumeizoea kwa kuandika, mkono umekuwa mgumu. Hapa achieni bega lifanye kazi, kama mtu anayesiriba ukuta.

Anzeni na rangi nyepesi, njano, waridi, samawati hafifu. Rangi nzito zije baadaye. Kwa nini? Kwa sababu chaki nyeupe ikipita juu ya nyeusi inabeba nyeusi, inakuwa chafu, na kila utakapopita utaacha uchafu. Kila mara futeni ncha ya chaki kwa kitambaa. Mkono mmoja chaki, mkono mwingine tambara. Hiyo ni sheria yangu darasani, na wanafunzi wangu walinicheka kwa hiyo.

Ukitaka rangi mbili zishikane, sugua kwa kidole. Joto la kidole linalainisha nta. Ukitaka eneo kubwa liwe laini kabisa, chovya tambara kwenye tapentaini kidogo upitishe. Lakini tapentaini ina harufu kali na inashika moto upesi. Usiitumie karibu na koroboi wala jiko, usiitumie chumba kimefungwa, na wala usiihifadhi kwenye chupa ya soda. Mtoto atainywa.

Itafika mahali karatasi itashiba. Utapitisha chaki, itateleza tu. Usilazimishe. Chukua wembe au kisu butu, kwangua taratibu, rangi ya juu itoke, uanze tena. Hapo ndipo uzuri wa kutokukauka unapoonekana. Mwenye rangi ya kopo akikosea leo, kesho kosa limekuwa jiwe. Wewe unakwangua kosa lako hata mwezi ujao.

Na kukwangua siyo kwa makosa peke yake. Tazameni. Hapa nimejaza njano na nyekundu. Juu yake nimejaza nyeusi mpaka njano haionekani. Sasa nachukua msumari, nachora. Mnaona? Njano inatoka chini kama moto. Kwa njia hii nilichora nyasi za paa la mama, unyasi mmoja mmoja. Nywele zilizosukwa, nyavu, ukindu wa mkeka, maua ya kitenge, vyote vinatoka kwa msumari.

Na hii ndiyo wanayoipenda watoto, na mimi pia. Nachora matone ya mvua kwa chaki nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Hamwoni kitu. Sasa napitisha rangi ya maji ya buluu juu yote. Mafuta yanakataa maji. Mvua hiyo!

Tuje kwenye nyuso za watu. Katika boksi nyingi kuna rangi moja ambayo zamani iliitwa rangi ya ngozi. Ni ya waridi hafifu. Ngozi ya nani hiyo? Huko Marekani watengenezaji wa krayoni za Crayola waliacha kuiita hivyo mwaka 1962, wakaipa jina la tunda, pichi. Japani nako, miaka ya karibu na 2000, watengenezaji waliliacha jina kama hilo. Vizuri. Lakini hata jina likibadilika, ngozi yetu bado haimo ndani ya boksi kwa kijiti kimoja. Mtu anachukua kahawia, anajaza uso wote, anashangaa kwa nini uso umekuwa kama chungu.

Tazameni mkono wenu kwenye mwanga wa dirisha. Tazameni kweli. Palipong'aa pana buluu kidogo, siyo? Kwenye vifundo vya vidole pana zambarau. Kiganjani pana chungwa. Basi anza na chungwa na nyekundu nyembamba, weka kahawia juu, kivuli weka zambarau au buluu nzito, usiweke nyeusi. Mwisho kabisa, penye mng'ao, gusa samawati hafifu mara moja tu. Mama yangu nilimchora hivyo akiwa amekaa. Majirani wakasema, "Huyu anapumua." Picha hiyo sikuileta. Hiyo iko chini ya kioo na haisafiri.

Naam, kioo. Sasa ndiyo tumefika kwenye BEI YA PAMBA.

Picha ya chaki ya mafuta haikunjwi. Inalazwa bapa. Haifunikwi gazeti, kwa sababu wino wa gazeti unavutwa na mafuta. Inafunikwa karatasi isiyonyonya mafuta, kama ile wanayofungia siagi. Kisha unaiweka kati ya vipande viwili vya katoni ngumu, unafunga kamba kwenye pembe, siyo katikati. Ukisafiri nayo usiiweke dirishani wala karibu na injini.

Nyumbani isitundikwe ukuta unaopigwa na jua, wala karibu na jiko. Nyumba zetu za bati, ninyi mnajua saa nane mchana panakuwaje. Tafuta ukuta wa ndani, ulio chini, wenye ubaridi. Na iwekwe ndani ya fremu yenye kioo. Kama hakuna kioo vumbi litanata juu yake, na vumbi hilo huwezi kulifuta bila kufuta na picha. Kioo chenyewe kisiiguse rangi. Kata vipande vyembamba vya manila au mbao, uviweke pembeni kati ya kioo na picha, ili pawe na nafasi. Iko dawa ya kupuliza inayouzwa mjini kwa ajili ya kuikinga. Inasaidia kidogo. Haiikaushi picha, na asiwadanganye mtu.

Jambo jingine ni kufifia. Chaki za bei ndogo, hasa zambarau na waridi, nyingine zinakimbia jua. Msinisadiki mimi, jaribuni. Chora mistari ya rangi zako zote kwenye kipande cha manila. Funika nusu yake kwa katoni. Kiweke penye jua lakini pasipo mvua, miezi mitatu. Kisha funua ulinganishe nusu mbili. Rangi iliyofifia itumieni kwa kujifunzia. Iliyobaki kama ilivyokuwa itumieni kwa picha ya mama.

Sasa kuna ndugu ananiashiria kule nyuma. Uliza, ndugu.

Anauliza, je, mtu akinunua picha yangu, nimwambie kwamba haikauki? Hataikimbia?

Ndugu yangu, hilo swali limenigharimu. Miaka ile niliwahi kumwuzia mtu picha ya soko, nikanyamaza. Niliogopa asije akapunguza bei. Baada ya miezi michache alirudi nayo. Mtoto wake alikuwa ameipangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, akidhani anasaidia kusafisha nyumba. Wale wachuuzi wangu wa nyanya wote wamekuwa ukungu mwekundu. Na yule mtoto alikuwa amechapwa. Huyo mtoto ndiye anayenikera mpaka leo, siyo fedha nilizorudisha. Fedha nilirudisha nusu, nusu nilikuwa nimeshaitumia.

Tangu hapo naandika nyuma ya kila picha, kwa herufi kubwa: IMECHORWA KWA CHAKI YA MAFUTA. HAIKAUKI. WEKA KIOO. USIFUTE. USIANIKE JUANI. Chini yake naandika mwaka na mahali. Wako wanaosoma wakaghairi, hiyo ni haki yao. Ninyi mnajua kuandika, kwa hiyo hamna udhuru. Na kama una fremu yenye kioo, uza picha ikiwa tayari ndani yake, ongeza gharama ya kioo kwenye bei.

Kabla ya kula naweni mikono. Za watoto kwa kawaida zinatengenezwa zisiwe na sumu, lakini baadhi ya zile za mafundi zina unga wa rangi usiofaa kuingia tumboni. Na mama anayenyonyesha asichore huku amempakata mtoto. Mtoto hatangoja, atakiweka kinywani.

Kuhusu nyumba ya mama, watu wananiambia, mbona hukuikwangua ile mbingu ukachora mpya? Ningeweza, nimewaambia kosa linakwanguliwa. Nilishika wembe siku moja. Mama akasema, "Iache. Hiyo bei ndiyo tuliyouza pamba mwaka ule, na ndiyo iliyonunua bati." Kwa hiyo nikaiacha. Majani ya mwembe niliyarudisha, tazameni upande huu ni kijani kipya, upande ule ni cha zamani.

Basi nimemaliza maneno yangu. Mezani kuna boksi tatu za chaki na manila ishirini zilizokatwa. Nimeleta misumari na matambara. Tapentaini sikuleta, kwa sababu naona wavutaji wa sigara. Kila mmoja achore nyumba anayolala, kama ilivyo leo asubuhi alipotoka. Msichore nyumba ya kwenye kitabu yenye bomba la moshi, hapa hakuna mwenye bomba la moshi. Mama uliyeshtuka, njoo uchukue wewe kwanza. Vunja hiyo ya kahawia.